Ugonjwa wa Wanawake wa Backas

Gunnevi alikuwa mtu wa kucheka. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi watu wakimtaja huanzia kwenye barafu, na mimi sipendi binadamu aanzwe mwisho. Alikuwa na sauti nzito hata mwalimu wa kwaya kanisani akamweka safu ya wanaume, naye akajivunia. Karata alicheza kwa kuiba. Ukimkamata alikutazama machoni bila haya akasema, "Kumbe unaona? Mimi nilidhani hiyo miwani umevaa ya urembo." Kondoo wake aliwapa majina ya wake wa wachungaji wote waliowahi kuhubiri kanisani kwetu. Ukitaka kujua ni mchungaji yupi alikuwa na mke mkaidi, ulisimama tu karibu na uzio ukamsikiliza akifoka.

Mimi naitwa Viveka, nina duka, na ni la pekee kisiwani. Visiwa vyetu vimetapakaa baharini kati ya Uswidi na Ufini, na lugha yetu ni ya Waswidi ingawa bendera ni ya Wafini, jambo ambalo wageni hulishangaa kuliko sisi. Kwetu mtu hutajwa kwa shamba lake. Husemi Gunnevi tu, unasema Gunnevi wa Backas. Ukiolewa Backas, unakuwa wa Backas kabla hujafungua sanduku la nguo, na jina la kwenu linabaki kwenye kaburi la baba yako. Gunnevi aliolewa akitoka Utterskata, kisiwa cha mwisho kabisa kabla ya maji matupu, na baada ya muda mfupi alikuwa anasema "sisi watu wa Backas" kwa mdomo mpana kuliko mumewe Holger, aliyezaliwa humo.

Kupe kwetu si habari. Kibano cha kuwatolea kinaning'inia jikoni pamoja na kijiko cha kahawa. Tukitoka sauna, bafu letu la mvuke, wanawake tunakaguana migongo kama vile wengine wanavyosukana nywele, tukisengenya, na kupe anadumbukizwa kwenye kikombe cha pombe kali, ndiyo sherehe yake. Mzee mmoja hapa huwaambia vijana kwamba kuposa ni maneno matatu tu: nitakuangalia mgongo. Ugonjwa wanaouleta tunaujua pia. Ngozi inachora duara jekundu, unakwenda zahanati, unapewa vidonge, unarudi kazini. Nimewahi kuonyeshwa duara na mtu kwenye mguu wake kama ushahidi kwamba hawezi kunisaidia kushusha magunia. Asiye na duara, kwetu, hana ugonjwa.

Ugonjwa mwingine ndio uliokuwa wa kunong'ona. Ulikuwa wa wanawake wa Backas.

Wazee walisema ulianza kwa bibi Serafina, zamani, kabla ya vita. Alipofika umri wa hamsini hivi alianza kuongea na jiko, akawatuhumu watu wa nyumbani kwamba wanamtilia sumu, mwishowe wakamweka chumba cha juu na mlango ukapigwa komeo kwa nje. Alifia humo. Kisha ikawa zamu ya mama Edla. Huyo nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa bado msichana. Mwanamke mpole, mchapakazi, mara akawa anasimama katikati ya njia kama aliyesahau miguu hutumikaje. Alilalamika mgongo, alilalamika usingizi. Mwezi wa Machi, barafu iliyofunika bahari ilipoanza kulainika, alivaa viatu vyake vya kanisani akatembea kuelekea baharini mchana kweupe. Nilikwenda na wengine kutazama nyayo. Ziliendelea vizuri, zikiwa zimenyooka, kisha hakukuwa na nyayo tena.

Tangu hapo mwanamke wa Backas akikaribia hamsini, watu humwangalia mikono kama inatetemeka. "Mwana hutazama kisogo cha nina," wanasema, wanatikisa kichwa, wananunua maziwa yao na kwenda zao. Nyumba yenyewe tuliiogopa kidogo. Ukipita jioni ulijikuta unaharakisha, na dirisha la chumba cha juu hukulitazama.

Gunnevi alipofika hamsini alifanya karamu na kutangaza kwamba hana mpango wa kuwa mwendawazimu kwa sababu ana kondoo wengi mno. Tulicheka sana. Alipita hamsini, akapita hamsini na tano, tukaanza kusahau.

Ukaja ule mwisho wa kiangazi. Kondoo wa Backas hukaa miezi ya joto kwenye kisiwa kidogo kisicho na mtu, nyasi hadi kiunoni na vichaka vya miiba, na kazi ya kule tangu enzi na enzi ni ya wanawake wa nyumba ile. Wanaume huvua. Mwanamke wa Backas ndiye anayepiga makasia kwenda kukata manyoya, kutafuta mwana-kondoo aliyekwama, kulala kwenye nyasi akisubiri kundi lisogee. Gunnevi alirudi kutoka huko akilalamika maumivu katikati ya mabega. Akasema ni uzee. Maumivu yakahamia mbavuni, yakawa yanaunguza kama maji ya moto, tena usiku tu. Alisimama dirishani mpaka alfajiri kwa kuwa kulala kulimuumiza zaidi. Duara hakuwa nalo. Tulimkagua wenyewe kwenye sauna, mgongo, kwapa, nyuma ya magoti.

Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Alikuja dukani akataka "kile cha kukata, cha asubuhi." Mkate. Nilidhani ni utani, nikampa kisu. Hakucheka. Aliangua kilio mbele ya watu wawili waliokuja kununua chambo, na mimi nikabaki na kisu mkononi kama mjinga.

Mwezi wa Novemba, siku ambayo hata saa sita mchana taa zilikuwa zinawaka, aliingia akasubiri duka liwe tupu.

"Viveka."

"Sema, mwenzangu."

"Mama amepita hapa leo?"

"Mama gani?"

"Mama Edla. Ametoka asubuhi hajarudi. Nje kuna utelezi."

Edla alikuwa amekufa zaidi ya miaka thelathini. Nikamwambia hapana, hajapita. Akanishukuru kwa adabu, akafunga kitambaa chake, akaenda kumtafuta.

Kufikia Krismasi kisiwa kizima kilikuwa kinasema imeanza. Hivyo tu: imeanza. Wanawake walimpelekea Holger mkate mweusi na samaki wa chumvi kama watu wanaokwenda matangani, na mwili wenyewe uko jikoni unapika kahawa. Nilikasirika mpaka nikamfukuza mmoja wao dukani. Lakini sina budi kusema kwamba hata mimi sikuuliza ni nini. Jina lilikuwepo tayari, na kitu kikishapata jina nani anakitafuta tena?

Tulimpeleka hospitali ng'ambo, bara, mimi, yeye na Holger. Gunnevi alitaka nimshike mkono, kwa hiyo niliingia hadi ndani. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka. Aliuliza kama katika familia kuna mtu aliyewahi kuumwa hivi.

"Mama," Holger akasema akitazama sakafu. "Na bibi kabla yake."

"Mama alikwenda na barafu," Gunnevi akaongeza.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Damu ilipimwa kila kitu. Kipimo cha kupe kilisema ndiyo, lakini damu za visiwani kwetu nyingi husema ndiyo, hata ya mtu mzima kama chuma, kwa kuwa sote tumeumwa na kupe tangu utotoni. "Hata mchungaji wenu nikimpima leo atasema ndiyo," daktari alisema. Hakutania vibaya. Alimpa dawa za huzuni na dawa za kuzima sauti anazozisikia, akatuambia tusimwache peke yake.

Dawa zile sizitukani. Zimemsimamisha binamu yangu aliyekuwa halali wala haamki, na leo anaendesha feri. Kwa Gunnevi zilimnenepesha na kumfanya atembee kama mwenye viatu vya mtu mwingine, basi. Edla hakuondoka.

Nilikuwa nafunga duka mapema nakwenda kukaa na Gunnevi. Alikuwa ananieleza mambo kwa sauti ya chini, kama anayemlinda mtu asisikie.

"Anachana sufu chumba cha juu," alisema. "Sikiliza. Kwaruu, kwaruu. Siku nzima."

"Sisikii kitu, Gunnevi."

"Wewe si wa Backas."

"Anakutukana?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mama? Hajawahi kunitukana siku hata moja. Angekuwa ananitukana ningemtukana na yeye, unanijua. Anakuja hapo mlangoni na sufu yake, ananiuliza, 'Umechoka, mwanangu?' Ni hilo tu. Umechoka? Na mimi nimechoka, Viveka. Nimjibu nini?"

Nilitazama mlango, nakiri, na nikaona mlango.

"Anasubiri barafu ianze kulia," akasema. "Ikilia nitakwenda naye, ili mpumzike na ninyi. Usimwambie Holger, atahangaika."

Barafu yetu hulia mwishoni mwa majira ya baridi. Inapasuka chini kwa chini, sauti ndefu inapita kutoka kisiwa hadi kisiwa, na watoto huipenda. Mwaka ule niliichukia. Kila nilipoamka nilitega sikio kwanza. Holger nilimwambia siku ile ile, siri za namna hiyo si za kutunzwa, naye akakusanya viatu vyote vya mkewe, hata kandambili, akavifungia kwenye buti la gari. Hakulala. Alikonda mpaka suruali yake ikawa inashikwa na kamba. Nilimwuliza kama amemwambia mama yake Gunnevi kule Utterskata.

"Bibi Dagny? Nimemwambia ni mafua."

"Tangu Novemba?"

"Mzee yule ana miaka karibu tisini, Viveka. Moyo wake."

Barafu ililia siku ya Jumanne, saa za mchana, nikiwa napanga makopo. Niliacha makopo nikatoka nje. Mbali kidogo kupita gati niliona mtu amesimama kwenye weupe ule, koti la kahawia, soksi za sufu, hana viatu. Holger alikuwa tayari anakimbia na ngazi kutoka upande wa pili. Alipofika pale barafu ilipobadilika rangi ikawa kijivu, alilala kifudifudi na kuanza kuisukuma ngazi mbele yake. Alikuwa anamwita, mke wangu, mke wangu, naye hageuki. Hatua moja, anasimama, kama anayesikiliza. Hatua nyingine.

Mimi sijui maneno mazuri. Nilipiga kelele lililonijia: "Gunnevi! Mwizi wa karata mkubwa wewe! Mfalme wa kopa alikuwa kwenye soksi!"

Akageuka. Uso wake ulikuwa na ghadhabu, ghadhabu yake mwenyewe ya zamani, nikamtambua. "Hakuwa kwenye soksi!" akajibu. "Alikuwa kwenye mkono wa sweta!"

Muda huo ulitosha Holger kumshika kifundo cha mguu.

Walimchukua kwa chombo cha uokoaji wakampeleka bara, wodi ya wagonjwa wa akili yenye milango inayofunguliwa kwa kadi. Holger alinikataza tena nisimsumbue mama mkwe wake. Nilimwambia ndiyo, nikaenda nyuma ya duka nikapiga simu Utterskata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na barafu bado ilikuwa ipo.

Bibi Dagny alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mafua, eeh? Nitampa Holger mafua." Akauliza feri inaondoka saa ngapi.

Alifika hospitali akisukuma kigari chake cha kutembelea, amevaa kofia ya msibani na ya harusini, maana anayo moja tu, na mkate mweusi ndani ya mfuko. Tulikuwa kwenye chumba cha kuzungumzia, mimi na Holger, na daktari mpya wa wodi, binti mdogo wa Kifini aliyeitwa Tuovinen. Alisema lugha yetu kwa uangalifu, akichagua kila neno kabla ya kuliachia. Alimpa bibi kiti.

"Wewe ni shangazi yake?" akamwuliza kwa upole.

"Mimi ni mama yake."

Daktari akamtazama Holger, kisha akamtazama bibi. "Samahani. Nimeelezwa kwamba mama yake mgonjwa alikufa. Baharini."

"Mimi?" Bibi Dagny alijishika kifua, kisha mashavu, kama anayehakikisha. "Nimekufa lini, na mbona sikualikwa?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na kicheko kikanikwama katikati kwa sababu hapo hapo nilielewa. Holger alikuwa bado hajaelewa.

"Si wewe, mama," akasema. "Ni mama. Mama yetu. Edla."

"Edla ni mama yako wewe!" Bibi akapiga mkono wa kigari. "Mkwe wangu, umewaambia nini watu hawa? Binti yangu hana tone la damu ya Edla. Kwetu hakuna aliyewahi kurukwa na akili, labda kaka yangu, naye alikuwa mwanasiasa."

Daktari Tuovinen aliinua kiganja polepole. "Naomba tuende pole, lugha hii si yangu. Mnaposema 'mama', mnasema nani? Edla ni nani?"

"Mama wa Backas," tukajibu mimi na Holger kwa pamoja, kama watoto wa shule.

"Alimzaa Gunnevi?"

"Hapana. Alinizaa mimi."

"Na huyu bibi, Serafina, alimzaa Edla?"

Holger alihesabu kwa vidole. "Hapana. Alimzaa baba. Mama aliolewa akitoka kijiji cha kaskazini."

Kisiwa kizima kilikuwa kinajua haya. Nilicheza ngoma kwenye harusi ya Gunnevi, nilijua kila mmoja ametoka tumbo gani, na ungeniuliza usingizini ningekutajia. Lakini tulikuwa tumewaita wote wanawake wa Backas miaka mingi mno, mpaka jina la shamba likageuka kuwa damu. Wake watatu, kila mmoja alikuja na sanduku lake kutoka kwake, na sisi tukamtafutia wa tatu wazimu kwenye mishipa ya wawili wa kwanza.

"Basi hawakurithishana," daktari akasema. "Sasa niambieni walikuwa wanashirikiana nini. Nyumba? Kisima? Kazi?"

Holger alijibu kwa sauti iliyotoka mbali. "Kondoo. Kisiwa cha kondoo. Sisi wanaume hatuendi."

Daktari aliuliza kuhusu kisiwa hicho. Aliuliza kuhusu nyasi, na paa wanaoogelea kwenda huko, na kupe. Aliuliza maumivu ya mgongo yalianza lini, kabla ya sauti au baada, na kama yalikuwa mabaya usiku. Kisha akasema anaomba ruhusa ya kuchukua maji kidogo kwenye uti wa mgongo wa Gunnevi, kwa sababu damu ya mtu wa visiwani husema ndiyo hata bila sababu, bali maji yale hayana mazoea hayo.

"Msinishike neno," akatuonya. "Wengi wanaosikia sauti hawana ugonjwa wa kupe, na wengi wenye ugonjwa wa kupe hawasikii sauti hata siku moja. Ni nadra. Lakini nisipotazama nitakuwa nimewaamini majirani zenu badala ya mgonjwa."

Maji yalisema ndiyo. Ule ugonjwa wetu wa kawaida, wa duara na vidonge, ulikuwa umeingia hadi kwenye neva na ubongo bila kuchora duara lolote, ukakaa humo majira yote ya baridi. Wakamtundikia dripu, kila siku, wiki kadhaa. Bibi Dagny alikaa kwenye kiti pembeni akifuma na kumfokea kila nesi aliyechelewa.

Hakupona kama taa inavyowashwa. Kwanza maumivu yalikwisha, akalala, alilala kama mtoto wa kondoo aliyeshiba. Kisha maneno yakaanza kurudi, moja leo, mawili kesho. Mkate ulirudi kabla ya jina langu, nikamwambia nimekasirika. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani anatazama mlango.

"Leo hajaja," akasema.

"Edla?"

"Jana pia. Nimesikiliza." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Yule alikuwa peke yake kule juu, Viveka. Alikuwa mtu mzuri. Sasa nani anamsikiliza?"

Nilimkumbatia. Niliogopa machozi yale kuliko nilivyoogopa vile vituko vya Novemba, maana sasa aliyekuwa analia ni Gunnevi mwenye akili zake timamu.

Siku ya kumchukua, bahari ilikuwa wazi, ya buluu, na boti zilikuwa zimeshushwa. Alikuwa amekonda, mkono wa kushoto ulikuwa bado mzito, na daktari alimwambia kwamba baadhi ya maneno huenda yasirudi. "Niliyonayo yanatosha kumtukania Viveka," akajibu. Bibi Dagny alikuwa ametangulia kwenye gari kwa sababu hana subira na watu wanaoagana.

Holger alikuwa amebeba mfuko wa nguo. Alifika mlangoni, akarudi.

"Daktari. Mama yangu. Edla. Ulikuwa ugonjwa huu huu?"

"Siwezi kujua," Tuovinen akasema. "Maiti hawapimiki kwa hadithi. Inawezekana. Inawezekana pia haukuwa."

"Alilalamika mgongo. Usiku."

"Ndiyo. Umeniambia."

"Miaka ile dawa hii ilikuwepo?"

"Hii aliyopewa mkeo, sidhani kama mngeipata. Lakini penisilini ilikuwepo, nayo hufaa."

"Penisilini?" Holger aliweka mfuko chini. "Ile ya kawaida?"

"Ya kawaida. Nyingi, na kwenye mshipa. Lakini wakati ule ugonjwa wenyewe ulikuwa haujulikani, Holger. Hakuna daktari ambaye angejua kumpa."

Hakusikia hiyo sehemu ya mwisho, nilimwona hakuisikia. "Tulikuwa nayo," akasema. "Kabatini, zizini. Chupa nzima. Nilikuwa nawachoma nayo kondoo mimi mwenyewe."

Korido ilikuwa na watu wanaopita na vikombe vya kahawa. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu alikuwa amesimama katikati yao, mikono imelegea pembeni.

"Sema alikuwa mwendawazimu," akamwambia daktari.

"Siwezi kusema hivyo."

"Sema tu. Sema mama alikuwa mwendawazimu. Tafadhali."

Gunnevi alimsogelea mumewe, akaanza kumfunga vifungo vya koti kwa mkono wake mmoja mzima, kuanzia cha chini, polepole, na sisi wengine tulisubiri mpaka akafika shingoni.